Tamthilia ya saa 1:30 usiku imehamishiwa saa 3:30 na kukatwa nusu. Wa Moshi na Arusha tukutane hapa

Mjukuu wa Kibosho (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa wote shikamooni.

Nimekaa na jambo hili wiki mbili nikidhani litajirekebisha lenyewe. Halijajirekebisha, kwa hiyo nalileta kwenu.

Kuna tamthilia ya Kituruki iliyoingizwa sauti za Kiswahili. Ilikuwa inaruka saa 1:30 usiku, Jumatatu mpaka Ijumaa, mpaka karibu na taarifa ya habari ya saa 2. Marudio yake yalikuwa mchana. Kituo sikitaji, nimekuja kuongelea ratiba na sikuja kumchafua mtu. Jumatatu ya wiki juzi tumekaa, saa 1:30 imefika, kinaanza kipindi cha mapishi. Tukajua wamekosea kanda. Saa 2 ikaja habari, saa 3 mjadala. Saa 3:30 ndiyo wimbo wetu ukalia, na kabla ya saa 4 kipande kikakatika mtu akiwa ameshika kitasa cha mlango, hata hujamwona anayeingia. Hakuna maandishi yaliyopita chini ya skrini siku zilizotangulia, hakuna mtangazaji aliyesema, kwenye kurasa zao za mtandaoni kimya. Kesho yake hakuna kitu. Kumbe sasa ni siku tatu tu kwa wiki, na kila siku hadithi yenyewe ni nusu ya ile tuliyozoea.

Najua kuna atakayesema "tamthilia tu hiyo". Naomba anisikilize kwanza.

Bibi yangu yuko Kibosho, kule mlimani juu ya Moshi, ana miaka 81. Anaishi na binti anayemsaidia kazi, na ng'ombe wawili wa ndani. King'amuzi kiliingia kwake mwaka 2013, mitambo ya analojia ilipozimwa huku Arusha na Moshi. Kabla ya hapo ilikuwa antena kwenye mlingoti wa mti, na mjukuu wa kuizungusha huku watu wa ndani wanapiga kelele "hapo hapo, usiguse!" Mjukuu huyo nilikuwa mimi.

Bibi anameza dawa ya presha kila jioni. Alipoanzishiwa alikuwa anasahau, leo anameza mara mbili, kesho hamezi. Nesi mmoja wa zahanati, Mungu ambariki, hakumgombeza. Alimuuliza, "Bibi, jioni kuna kitu gani unakifanya bila kukosa?" Bibi akamjibu, "Natazama tamthilia." Nesi akamwambia, "Basi wimbo wake ukianza, meza."

Tangu siku ile ni miaka miwili na ushee. Iliyokuwa inaruka wakati ule iliisha, ikaja nyingine, ikaja hii, lakini saa ilibaki 1:30. Kiboksi cha dawa kinakaa juu ya meza ya runinga, chini ya kitambaa cha kufuma, pembeni yake bilauri ya maji iliyofunikwa na kisahani. Nimemwona mara nyingi nikimtembelea: wimbo ukianza, mkono unakwenda wenyewe. Vidole vinapapasa kitambaa, vinainua kisahani, macho hayatoki kwenye skrini. Wimbo ukiisha ameshameza.

Jumatatu ile wimbo haukulia. Binti alitoka kufungia mabanda, akarudi akamkuta bibi amelala kwenye kochi, runinga inawaka, bilauri imejaa mpaka juu. Jumanne hakukuwa na tamthilia kabisa. Jumatano akakesha mpaka saa 3:30 kwa nguvu, akaiona nusu, akaenda kulala hajui kama amemeza au la. Alhamisi nilikuwa na mapumziko kazini, nikapanda. Nikahesabu vidonge kwenye karatasi yake: vitatu vilivyotakiwa kuondoka vipo. Tukampima. Kipimo kilisoma juu kuliko nilivyowahi kukiona kwake.

Mtasema mwekeeni alamu ya simu. Tumeweka. Ikilia anaipokea akidhani ni mwanawe anapiga kutoka Dar. Anasema haloo, anasubiri ajibiwe, anakata. Binti tumemkabidhi, lakini naye saa hiyo yuko bandani anakamua, na bibi mwenyewe hapendi kusimamiwa kama mtoto.

Sasa kuhusu urefu. Ijumaa nilikuwa zamu ya usiku, napokea wageni kwenye hoteli hapa mjini. Nikafungua daftari, nikaweka saa ya simu, nikapima nusu saa nzima. Wimbo wa mwanzo dakika 2. "Yaliyojiri" dakika 4. Matangazo mara mbili, jumla dakika 8. "Yatakayojiri" dakika 1. Hadithi mpya, ile tunayoisubiri, dakika 15.

Sisemi kufupisha ni dhambi. Tuliotazama Isidingo ITV tunakumbuka, ilikuwa nusu saa tu na haikumpunja mtu, kwa sababu ilikuja kesho, na kesho kutwa, saa ileile. Kule kwao Afrika Kusini ilianza 1998 ikafungwa Machi 2020. Miaka zaidi ya ishirini kwa vipande vidogo vidogo. Kilichoniuma hapa ni vitu vitatu kwa pamoja: wamekata, wamepunguza siku, wamehamisha saa, na hakuna aliyetuambia.

Naomba kuwasilisha.

Nyanya Kilombero

Mleta mada pole kwa bibi, mwambie namsalimia sana.

Lakini mimi nitasema upande wangu, usinikasirikie. Nauza nyanya soko la Kilombero hapa Arusha. Nafunga saa 12 na nusu, nagombania daladala ya Kwa Mrombo, nafika nyumbani saa 2 kasoro kama foleni imenihurumia. Watoto wanataka kula. Hiyo tamthilia yenu ya saa 1:30 miaka yote nimekuwa naisikia kwenye runinga za majirani, yaani napita dirishani kwao nasikia wimbo wa mwisho. Marudio ya mchana niko sokoni. Sasa imekwenda saa 3:30, nimeshaosha vyombo, watoto wamelala, nimenyoosha miguu. Kwa mara ya kwanza nimejua huyo mama mkwe anafananaje.

Kwa hiyo saa mpya kwangu imekuja na heri. Kwenye kukata nusu niko na wewe. Dakika 15 hata chai haijapoa.

Mwanachuo Njiro

Mimi naangalia kwenye simu, vipande vyote viko mtandaoni kwa Kituruki na maandishi chini. Ratiba hainihusu tena tangu nihamie hosteli.

Fundi Visimbuzi Sakina

Mwanachuo, bibi wa miaka 81 atasoma maandishi ya chini kwa lugha gani? Watu kama huyo walianza kuzipenda za Kituruki siku sauti za Kiswahili zilipoingia. Nafunga madishi huku Sakina mpaka Ngaramtoni. Wakati tamthilia ya Sultan inarushwa na Azam kwa Kiswahili nilikuwa naitwa na wazee ambao hawajawahi kuniita hata kwa ajili ya mpira. Mzee mmoja alinisimamia chini ya ngazi jua linazama, ananiambia fanya haraka kijana, Sultani anakwenda vitani.

Ngoja niwaeleze kitu ambacho wengi hawakijui, maana kinahusiana na huu ukataji. Sultan kwa jina lake la kwao ni Muhteşem Yüzyıl. Ilianza Januari 2011 ikaisha Juni 2014, vipande 139. Mkihesabu mlivyoviona nyie vilikuwa vingi kuliko hivyo. Sababu ni kwamba Uturuki tamthilia inaruka mara moja tu kwa wiki, na kipande kimoja ni kama filamu: dakika 90, 100, siku hizi 120 na zaidi. Wanapoiuza nje wanaikata vipande vya kama dakika 45, na zile 139 zikawa zaidi ya 300. Kwa hiyo hadithi mnayoitazama imeshakatwa mara moja kabla haijavuka bahari. Kituo cha hapa kikikata tena, mnapata robo ya kilichotungwa. Ndiyo maana kinaishia mtu ameshika kitasa. Mtunzi hakupanga kiishie pale.

Na huo urefu wa kwao nao si mzuri, msiutamani. Mwaka 2010 waigizaji na mafundi wa kamera waliandamana Istanbul kudai vipande vifupishwe, kwa sababu walikuwa wanapiga filamu nzima kila wiki, usiku na mchana. Yule dada aliyeigiza Hurrem, mke wa Sultani, Meryem Uzerli, aliondoka mwaka 2013 kabla hadithi haijaisha, akasema amechoka mwili na akili. Wakaweka mwigizaji mwingine, Vahide Perçin.

Mjukuu wa Kibosho (mleta mada)

Fundi, umenitoa gizani. Bibi aliniuliza wakati ule kwa nini Hurrem amebadilika uso. Nilimjibu kwamba amezeeka. Nikipanda nitamwambia ukweli, maana hakuniamini, na lilimkaa moyoni.

Nyanya Kilombero, dada yangu, siwezi kukukasirikia. Umenionyesha kitu sikukifikiria kabisa. Nilikuwa naongea kama vile Moshi na Arusha nzima inakaa kwenye kochi saa 1:30. Basi saa 3:30 iwe yako, na bibi abaki na ya kwake. Kituo kina marudio mchana, saa ambayo wewe uko sokoni na bibi yuko kwenye majani ya ng'ombe. Wangeweza kuweka kipande saa 1:30 na kukirudia saa 3:30 usiku uleule. Kanda ni moja, haihitaji kununuliwa mara mbili. Sijui kama nimekosea, anayejua kazi hii aniambie.

Mpanga Ratiba Mstaafu

Habari zenu. Nimewahi kupanga ratiba kwenye kituo kimoja kidogo, nisingependa kukitaja, na kazi ile niliipenda. Nitajibu kwa ninachokijua.

Mleta mada, kanda haihitaji kununuliwa mara mbili, lakini mkataba unataja idadi ya mara unazoruhusiwa kurusha kila kipande. Ukirusha mara mbili usiku na mara moja mchana umekula mara tatu. Kuna mikataba inayoruhusu, kuna isiyoruhusu.

Kukata nusu kwa kawaida kunatoka kwenye chumba cha sauti. Tamthilia ikija, kuna anayetafsiri mazungumzo, kuna anayeyapima yaendane na midomo, halafu waigizaji wa sauti wanaingia kurekodi, mstari kwa mstari. Mtu mmoja akiugua koo, sauti ya mhusika mkuu imesimama. Kituo kinachorusha siku tano kwa wiki kinakula vipande vitano kwa wiki, na chumba cha sauti kinaweza kuwa kinatoa vitatu. Mwanzo mnakuwa na akiba, mnajiona matajiri. Mkifika mwezi wa nne tangu muanze, akiba imekwisha. Hapo bosi anakuja na kusema kateni, punguzeni siku, tusikaukiwe hewani. Nimeshakaa kwenye kikao cha namna hiyo. Hakuna mtu mbaya mle ndani, kuna watu wamechoka na hesabu haifiki.

Kuhamisha saa ni jambo jingine, hilo linatoka kwa watu wa mauzo. Kabla ya habari ndipo familia nzima iko sebuleni, na mdhamini wa mapishi akija na fedha yake anataka pale pale, hataki pengine.

Ila kutokutangaza hakuna sababu ya kiufundi. Maandishi ya chini ya skrini yanaandikwa kwa dakika tano. Nimeyaandika mwenyewe mara nyingi. Kuna wakati tulikuwa tunaambiwa tusiyaweke, kwamba ukimwambia mtazamaji unahamisha atapata muda wa kuhamia kwingine. Nilikuwa napinga na bado napinga. Mtazamaji aliyeambiwa anakufuata. Asiyeambiwa anadhani umekufa.

Mangi wa Himo

Wadau, mimi ni mtu wa Himo ila niko Uingereza kikazi mwaka wa saba sasa. Nawapa ya huku, mlinganishe.

Kuna tamthilia yao inaitwa Coronation Street, ilianza Desemba 1960 na haijakoma. Inaonyeshwa na ITV ya huku, si ile ya kwetu ya Mikocheni, Dar. Ilikuwa inaruka siku tatu, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa nzima kila siku. Kuanzia Januari 2026 wamegeuza: nusu saa, siku tano, Jumatatu mpaka Ijumaa, saa 2:30 usiku kwa saa za huku. Ndugu yake, Emmerdale, inaitangulia saa 2 kamili, nayo nusu saa. Kwa wiki Coronation Street imepoteza nusu saa nzima. Mama mwenye nyumba wangu, mzee wa miaka sabini na kitu, alilalamika kwelikweli. Anasema nusu saa haijai, ndiyo kwanza unakaa vizuri imeisha.

Lakini sikilizeni. Walitangaza Februari 2025. Karibu mwaka mzima kabla. Magazeti yakaandika, watu wakagomba weee, wakazoea, Januari ikafika kila mtu anajua akae saa ngapi. Mama yule alishabadilisha mpaka saa yake ya kula.

Sasa ninyi mmetoka siku tano mkapelekwa siku tatu, wao wametoka tatu wakaja tano. Mimi ningechukua nusu saa ya kila siku bila kufikiri mara mbili. Ndiyo hoja ya Isidingo ya mleta mada.

Baba Wawili Pasua

Niseme na la mpira, maana sie ndio tunaosingiziwa. Kweli mechi za ligi nyingine zinaanza saa 1 usiku, na dakika 90 na mapumziko na nyongeza zinafika saa 3. Kwangu kuna runinga moja, mama watoto ana tamthilia, mimi nina timu. Tulikuwa na makubaliano: mechi ya timu yangu ikiwa saa 1 yeye anakwenda kwa jirani, siku nyingine zote rimoti ni yake. Makubaliano hayo yalisimama miaka kwa sababu saa 1:30 ilikuwa haitikisiki. Sasa siku ya mechi yeye anabaki mpaka 3:30, mimi nataka uchambuzi baada ya mechi, tunagongana. Wiki iliyopita hatukusemeshana mpaka asubuhi. Najua ni jambo dogo kwa mwingine.

Nyanya Kilombero

Si dogo kaka. Muachie uchambuzi, utausikia kesho kijiweni.

Mjukuu wa Kibosho (mleta mada)

Mrejesho, wakuu.

Jumatatu nimepiga simu kituoni. Nimezungushwa, nikapewa dada mmoja mpole sana. Nimemweleza yote, mpaka ya bilauri. Akanyamaza kidogo, akasema yeye pia ana bibi. Akasema ratiba hiyo itakaa mpaka mwisho wa msimu na hana uwezo wa kuibadilisha, ila atapeleka ombi la kuweka maandishi chini ya skrini kila linapotokea badiliko. Jana usiku nimeyaona kwa macho yangu: yamepita mara mbili, yanataja siku na saa. Nawashukuru kwa hilo.

Upande wa bibi, yeye mwenyewe ndiye aliyetoa wazo. Alisema, "Wewe si unakesha kazini? Itazame, kesho yake nipigie jioni unisimulie." Kwa hiyo sasa saa 1:30 kamili napiga. Simu ikilia anajua safari hii kuna mtu kweli. Kitu cha kwanza nasema, "Shikamoo bibi, maji yako yapo?" Nasikia kisahani kinagonga meza, nasikia anakunywa, anasema endelea. Ndipo nasimulia. Sijui kuigiza sauti, lakini mama mkwe najitahidi. Jana nimemaliza kwa dakika sita. Akauliza, "Mlango ulifunguliwa?" Nikamwambia bado, bibi, wameishia tena pale pale. Tangu nianze, vidonge vinakwenda sawasawa na siku. Binti amehesabu, ameniambia.

Tatizo lililobaki: kuanzia wiki ijayo nitakuwa bado mapokezi usiku, ila runinga ya pale itakuwa na wageni wa kundi wanaotaka mpira. Sitaiona Jumatano. Kuna mtu hapa Moshi mjini ana kisimbuzi cha kurekodi?

Baba Wawili Pasua

Mkuu, changu kinarekodi kwenye flashi. Mama watoto keshasikia habari ya bibi, ameniambia rimoti ya Jumatano hata nisiiulizie. Niko Pasua, karibu na soko. Lete flashi yako kesho kabla ya saa 12 jioni, Alhamisi asubuhi utaifuata.

Mjukuu wa Kibosho (mleta mada)

Nakuja kesho saa 11. Nakuletea na ndizi za bibi.